Neno Moja la Kilatini katika Milima ya Umatengo

Kijana mmoja wa Kitura, huko Mbinga, ambaye riziki imemleta kufanya kazi kisiwani kwetu, alinijia siku moja na karatasi aliyoikunja mara nne. Ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la ubatizo la misheni moja ya kwao, ukurasa wa miaka ya 1930. Babu yake alibatizwa siku hiyo. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba mimi hushughulika na mashairi na tafsiri, na kwamba Kilatini nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vikuukuu, pasipo darasa wala mwalimu. Akaniomba nimsomee.

Mstari ulikuwa mfupi. Palikuwa na tarehe, jina la ubatizo lililovalishwa mkia wa Kirumi wa *-us*, kisha neno *filius*, yaani mwana, kisha jina la baba, na baada ya jina hilo neno moja tu: *pagani*.

"Hilo la mwisho nimekwisha kulitafuta, mzee wangu," akasema. "Wameniambia maana yake ni mpagani. Huyo aliyeitwa hivyo ndiye aliyepasua shamba tunalolilima mpaka leo. Nataka kujua kama hakuna lingine lililoandikwa juu yake."

Hapakuwa na lingine. Mtu mzima, mwenye shamba, mke, watoto na majirani, aliingia katika maandishi mara moja katika uhai wake, na maandishi yakampa neno moja. Nilimwahidi kijana kwamba nitalifuatia neno hilo mpaka lilikotoka. Makala haya ndiyo malipo ya ahadi ile, na nimeyaandika hapa, mbele ya wasomaji wa pwani, kwa sababu njia ya neno hilo ilipomalizika nilijikuta nimesimama mlangoni petu wenyewe.

Tuanze na umbo lake. Kiswahili husema "mwana wa mpagani". Kati ya mwana na mpagani tunaweka kiunganishi. Kilatini hakina haja ya kiunganishi: hugeuza mkia wa neno. *Paganus* ni mpagani. *Pagani* ni "wa mpagani". Lugha zetu za Kibantu zina tabia ya kinyume, kwani hizo hugeuza kichwa: mtu, watu, kitu, vitu. Jambo hili dogo liliwatoa jasho wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1659, mjini Roma, Mkapuchini mmoja Mwitalia, Giacinto Brusciotto wa Vetralla, alichapisha kitabu cha kanuni za Kikongo, nacho ndicho sarufi ya kwanza ya lugha ya Kibantu kupata kupigwa chapa. Alikiandika kwa Kilatini, maana Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya elimu yote ya Ulaya. Wanafunzi wa Kilatini walizoea kuyapanga majina kwa miishio yake. Brusciotto aliona kwamba Kikongo hakiwezi kupangwa hivyo, akayapanga kwa mianzo yake, na makundi yale akayaita *principiationes*, kutokana na neno *principium*, yaani mwanzo. Hizo ndizo ngeli tunazowafundisha watoto shuleni leo. Ilimlazimu Mlatini aunde neno jipya katika lugha yake mwenyewe ili aweze kuisema kweli ya lugha yetu.

Wengi waliomfuata hawakuwa na subira hiyo. Walizichukua lugha za Kiafrika wakazivisha kanzu ya Kilatini, na pale ambapo kanzu ilibana, wakasema mwili ndio wenye kasoro. Ndipo Wilhelm Bleek alipochapisha sarufi yake linganishi kuanzia mwaka 1862, akazipa ngeli nambari badala ya kuzilazimisha ziwe jinsia za kiume na kike. Bleek huyo huyo ndiye aliyelieneza neno "Bantu" katika elimu ya lugha, neno ambalo maana yake ni watu, basi.

Sasa turudi milimani. Wabenedikto walioleta Kilatini Ungoni na Umatengo walitoka Mtakatifu Otilia, monasteri iliyo magharibi ya jiji la München. Peramiho waliianzisha mwaka 1898 chini ya Padre Cassian Spiss. Kigonsera, katika nchi ya Mbinga, ilifuata mwaka 1899. Na hapa pana sadfa ambayo haijaniacha tangu nilipoigundua. Mwaka 1894, katika jiji lile lile la München, wataalamu wa Kijerumani walianza kukusanya kamusi kubwa kupita zote za Kilatini, iitwayo *Thesaurus linguae Latinae*, yaani Hazina ya Lugha ya Kilatini. Mpango wao ulikuwa kuyafuatia maneno yote ya Kilatini tangu maandishi ya mwanzo mpaka kiasi cha mwaka 600, na kwa kila neno kuonyesha nani alilitumia, lini, na kwa maana gani. Waliandika vipande vya karatasi wakavitia masandukuni, hata vikafika kiasi cha milioni 10. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1900. Maelezo ya kamusi hiyo yameandikwa kwa Kilatini chenyewe. Herufi P, ambamo *paganus* imo, ilikamilika mwaka 2010. Kamusi nzima haijamalizika hata leo. Watu wamezaliwa, wakaifanyia kazi, wakazikwa, na wajukuu wao wameipokea.

Basi katika miaka ile ile ambayo bwana mmoja wa München alikuwa akiandika neno la Kilatini katika kipande cha karatasi, jirani yake wa Mtakatifu Otilia alikuwa ameketi Kigonsera akiandika neno la Kimatengo. Spiss alichapisha maelezo yake ya Kingoni na Kisutu mwaka 1904, katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin. Mwaka uliofuata, akiwa sasa askofu, aliuawa njiani katika Vita vya Majimaji, na Peramiho ikateketezwa. Mwaka 1909 jarida lile lile likachapisha msamiati wa Kimatengo wa Padre Johannes Häfliger. Kazi hizo ni za thamani, wala sitaki kuzipunja. Lakini neno la Kilatini, katika kamusi ya München, hutajwa pamoja na aliyelisema: huyu ni Cicero, huyu ni Tacitus, huyu ni Augustino. Neno la Kimatengo huwa la Wamatengo wote kwa jumla, kama kwamba mlima ndio uliolitamka. Wazee na vijana walioulizwa, "Hiki mwakiitaje?" wakajibu kwa saa nyingi, majina yao hayakubebwa na lugha waliyoifundisha. Yale madaftari ya ubatizo yana majina bila maneno. Msamiati una maneno bila majina. Mjukuu wa Kitura akitaka kumwona babu yake mzima inambidi avisome vyote viwili, kimoja Kilatini na kimoja Kijerumani.

Upande wa ziwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, maana huko Wamishenari walikuwa Waingereza wa UMCA, na lugha iliyowashughulisha zaidi ilikuwa Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa. Kisiwani Likoma walikuwa na mtambo wao wa chapa. Katika pwani hii ya Nyasa aliishi William Percival Johnson, aliyefika Unguja mwaka 1876 katika siku za Askofu Steere, akaenda ziwani na kubaki huko mpaka kufa kwake mwaka 1928. Macho yake yaliharibiwa na maradhi, naye hata hivyo akaitafsiri Biblia katika Chinyanja cha watu wa ufuko ule. Kaburi lake liko Liuli.

Na Liuli yenyewe ina kisa chake. Wajerumani walipoitawala waliiita Sphinxhafen, Bandari ya Sfinksi, kwa ajili ya jabali lililo mbele ya bandari ambalo waliliona limefanana na yule mnyama wa hadithi. Ni hapo ambapo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza *Gwendolen* iliishambulia meli ya Kijerumani *Hermann von Wissmann* iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na watu wakayasikia mapambano ya majini ya vita vile vikuu katika ziwa lao la samaki. Sfinksi wa Wayunani alikuwa jitu la kike lenye mwili wa simba, aliyekaa njiani kuwategea wasafiri kitendawili: ni nani aendaye kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri, na mitatu jioni? Asiyejibu aliliwa. Edipode ndiye aliyejibu: ni mtu, atambaaye utotoni, asimamaye utu-uzimani, na kushika mkongojo uzeeni. Kisa cha huyo Edipode tunacho kwa Kiswahili, kwani tamthilia ya Sofokle ilitafsiriwa na Samuel Mushi, ikatoka mwaka 1971 kwa jina la *Mfalme Edipode*.

Sasa mtafsiri wa Agano Jipya alikuwa na neno la kumtaja asiyekuwa wa dini, nalo ni neno la Kiyunani, *ethne*. Maana yake ni mataifa. Watafsiri wetu wa Kiswahili walilipokea hivyo hivyo, ndiyo maana Biblia ya Kiswahili inasema "watu wa Mataifa". Ni neno lisilomdhalilisha mtu. Kila mtu ana taifa, na leo dunia nzima imejipa jina hilo katika Umoja wa Mataifa. Lakini aliyeshika kalamu katika daftari letu hakuandika kwa Kiyunani. Aliandika kwa Kilatini cha ofisi ya Kanisa, na Kilatini kilikuwa na *paganus*.

*Paganus* ni nani? Warumi walikuwa na neno *pagus*, yaani eneo la mashamba, kitongoji, nchi ya nje ya mji. *Paganus* basi alikuwa mtu wa shamba. Mtu wa mjini aliweza kulitumia neno hilo kwa dharau kidogo, kama watu wa mijini watumiavyo maneno ya namna hiyo kila mahali. Askari nao walilitumia kwa raia asiyeshika silaha. Katika karne ya 4, Ukristo ulipokuwa umeshika miji ya Dola ya Kirumi, neno likageuka kuwa jina la asiyekuwa Mkristo. Wataalamu wamegombana juu ya njia iliyofuata. Wako wasemao kwamba dini mpya ilitangulia mijini, na mashambani watu wakabaki na miungu yao, hata "mtu wa shamba" na "asiyeamini" vikawa kitu kimoja. Wako wasemao kwamba Wakristo walijihesabu askari wa Kristo, na asiyejiandikisha katika jeshi hilo akawa raia tu, *paganus*. Vyovyote iwavyo, neno lilianza kwa kutaja mahali mtu aishipo, likaishia kwa kutaja upungufu wake.

Nilipoyapata haya nilifurahi, na furaha ilinifanya niwe mwepesi. Nilimwita kijana nikamwambia: "Babu wa baba yako hakutukanwa. Neno lile kwa asili yake ni mtu wa shamba, mkulima. Na kwenu Umatengo, ambako watu hulima ngoro, zile mashimo-shimo zilizopangwa miteremkoni ili maji yasiuchukue udongo, kuna sifa gani kubwa kuliko ukulima?"

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza: "Aliyeandika, mzee, alikusudia mkulima?"

Nikanyamaza. Kwa hakika hakukusudia mkulima. Yeye alikusudia mpagani, na alikuwa na haki ya kueleweka kama alivyokusudia. Asili ya neno si maana yake. Maana ni pale linapotumika. Wajuzi wa kamusi za München wasingalihitaji vipande milioni 10 kama maana ya neno ingalitosha kusomwa katika mzizi wake. Wangaliandika mzizi mmoja mmoja wakaenda zao nyumbani. Kijana asiyejua Kilatini alinirudisha katika kanuni ya kwanza ya elimu hiyo, ambayo mimi niliyejifundisha peke yangu nilikuwa nimeiruka.

Lakini swali lake lilinifungulia jingine. Nilijiuliza ni wapi nimepata kulisikia neno lililotoka kwenye mahali pa kukaa likaishia kwenye tusi, na jibu halikuwa mbali. Sisi watu wa pwani tulikuwa nalo. Mtu wa bara tulimwita mshenzi. Tulijiita waungwana, na kuishi kama sisi tukakuita ustaarabu, neno ambalo ndani yake limo jina la Mwarabu. Mshenzi alikuwa mtu wa huko juu, asiyekuwa wa mji wala wa dini ya mji. Hivyo ndivyo Mrumi alivyosema *paganus*. Na sisi hatukuishia kwenye kusema. Misafara iliyotoka nchi za Nyasa ilishuka Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yakaileta Unguja shehena ya watu, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 na Askofu Steere akaanza kujenga kanisa mahali pale pale Mkunazini. Johnson alipokwenda ziwani alikuwa akiifuata njia ya hao waliokwisha kuletwa, ila yeye aliifuata kinyume. Wengi wetu visiwani, tukihesabu kwa uaminifu upande wa mama na upande wa baba, tutamkuta Mnyasa ambaye hakuandikwa katika daftari lolote, kwa Kilatini wala kwa Kiarabu. Yule wa Kitura aliandikwa walau neno moja.

Nasema haya kwa wapenzi wa ushairi kwa sababu sisi hupenda kudhani kwamba Kiyunani na Kilatini ni mambo ya mapadre wa bara, yasiyotuhusu. Mtunzi wa utenzi hufungua kwa dua, akaagiza kalamu na karatasi. Kalamu ilitoka kwa Wayunani, kwao ni *kalamos*, mwanzi. Karatasi kwao ni *khartes*. Zote mbili zilipita kwa Waarabu ndipo zikatufikia. Falsafa ni yao, almasi ni yao, na Injili pia. Kandili na dinari ni za Warumi. Lugha hizo mbili ziliingia nchini kwetu kwa milango miwili: mlango wa bahari, zikiwa zimevaa kilemba, na mlango wa ziwa na milima, zikiwa zimevaa kanzu ya mtawa. Za mlangoni mwa bahari tumezisahau ugeni wake. Za mlangoni mwa milima bado zinatuuma kwa sababu ni za jana.

Na kweli ni za jana. Katika seminari za kusini, kama ile ya Kigonsera alikopita Benjamin Mkapa kabla ya kwenda Pugu, vijana walifundishwa Kilatini kwa sababu Misa ilikuwa ya Kilatini na vitabu vya elimu ya dini vilikuwa vya Kilatini. Mnamo Februari 1962 Papa Yohane wa 23 alitoa waraka wa kusisitiza kwamba Kilatini kiendelee kufundishwa kwa nguvu. Tarehe 4 Desemba 1963, kabla hata miaka miwili haijatimia, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua njia ya kusali kwa lugha za wenyeji. Kiswahili kikapanda altareni. Hilo lilikuwa jambo la haki, nami sililii. Ila kwa kadiri Kilatini kilivyopungua madarasani, ndivyo walivyopungua watu wa huko huko wanaoweza kufungua daftari la zamani wakaona limesema nini juu ya wazee wao.

Chapa nayo iliendelea. Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho walichapisha mwaka 1987 historia ya Wangoni ya Padre Elzear Ebner. Mwaka 1996 wakachapisha tenzi za Mwalimu Julius Nyerere, aliyezitia Injili na Matendo ya Mitume katika bahari ya utenzi. Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la mshairi. Maneno yaliyoandikwa mwanzo kwa Kiyunani, yakasomwa karne nyingi kwa Kilatini, yalipigwa chapa na watawa wa kusini kwa umbo lililolelewa na washairi wa Pwani, wengi wao Waislamu, kwa mkono wa mtu wa Butiama. Milango miwili ilikutana ukumbini. Na wataalamu wengine nao hawakuiacha milima: mwaka 2006 huko Tokyo kulichapishwa msamiati wa Kimatengo uliokusanywa na Nobuko Yoneda. Kimatengo kimepata basi kuandikwa na mtawa wa Mtakatifu Otilia na Mjapani.

Kinachotakiwa sasa si kikubwa kama ile hazina ya München. Kurasa za madaftari haya hutumia maneno ya Kilatini machache yanayorudia-rudia: mwana, binti, mke, mjane, shahidi, amezaliwa, amefariki, amezikwa. Mtu mwenye kujua miishio mitano sita angeweza kuwafundisha vijana wa Kitura, Litembo au Liuli kuyasoma kwa majuma machache. Kijitabu cha kurasa 40, chenye maneno hayo na maana zake kwa Kiswahili, kingewarudishia watu nasaba zao bila ya kumwomba mtu wa kisiwani.

Na kwenye herufi P kijitabu hicho kiandike nini? Nimelipima jambo hili muda mrefu. "Mtu wa shamba" ni uongo wa kufariji. "Mpagani" ni kweli, lakini ni kweli ya mwandishi, si ya mwandikwa. Nilimpelekea kijana pendekezo langu, ambalo ni la mistari miwili: *Paganus: neno alilotumia mwandishi wa misheni kumtaja mtu ambaye hakubatizwa. Dini ya mtu huyo haikuandikwa. Iulizwe kwa wazee.*

Alilisoma mara mbili, akaikunja karatasi yake mara nne kama mwanzo, akaniambia kwamba shangazi wa baba yake yungali hai huko Kitura, na kwamba likizo ijayo atakwenda kumuuliza.